Kichwa cha Ndama Kikigeuka Nyuma

Ndugu mkulima, ng'ombe akifa kwa kuzaa, mwenyewe hupoteza mara tatu: ng'ombe, ndama, na maziwa ya kulipia karo. Sisi wa Bonde la Lambwe na wenzetu wa Migori twaijua hasara hiyo. Mara nyingi kosa si la ng'ombe, bali ni la mikono yetu yenye haraka.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Ndama aliyelala vyema hutanguliza miguu miwili ya mbele, nyayo zikitazama chini, na pua imelala juu ya miguu.

Je, ukiona kwato mbili lakini pua haionekani? Usivute! Kwanza papasa mguu kutoka kwatoni kwenda juu. Viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, huo ni mguu wa mbele. Vikikunjika pande mbalimbali, ni wa nyuma. Ikiwa ni ya mbele na pua haipo, kichwa kimegeukia ubavuni, au kimeinama chini ya mfupa wa nyonga. Wako wanaoita vijana sita na kamba ya plau. Kumbe kila wakivuta, shingo yazidi kupinda na ndama azidi kukwama.

Kazi ifanywe hivi:

1. Mpigie simu daktari wa mifugo mara moja, kabla hujaanza.

2. Kata kucha, vua pete, nawa kwa sabuni mpaka begani. Vaa glavu ndefu, maana ugonjwa wa brusela humwingia mtu kwa maji ya uzazi. Mwoshe ng'ombe nyuma. Paka mkono mafuta safi ya kupikia.

3. Funga kila mguu wa ndama kwa kamba laini, safi, juu ya kifundo, usije ukapotea ndani.

4. Ngoja ng'ombe aache kusukuma, ndipo umrudishe ndama ndani polepole kwa kumsukuma kifuani. Ukishindana na uchungu, tumbo la uzazi laweza kupasuka.

5. Fuata shingo kwa mkono mpaka mdomoni. Shika taya la chini, ukiyafunika meno kwa kiganja yasimchane mama. Kichwa kilichogeukia ubavuni, kilete mbele. Kilichoinama, kiinue kipite juu ya mfupa.

6. Kikishanyoka, vuta mguu mmoja, kisha wa pili, ng'ombe anaposukuma tu, ukielekeza chini upande wa visigino vyake. Watu wawili watosha.

Ukijaribu dakika 20 bila kufaulu, acha, umngoje daktari. Kuacha si aibu. Daktari aweza kumpasua ng'ombe ubavuni na kuwaokoa wote wawili, lakini si baada ya kuvutwa kutwa nzima.

Ndama akitoka, mfute pua na mdomo, mtekenye puani kwa jani kavu apate kupumua, na kitovu kitie dawa ya iodini. Anyonye maziwa ya kwanza kabla ya saa sita kupita. Kondo la nyuma lisipotoka baada ya saa 12, usilivute kwa nguvu, mwite daktari.

Sasa jijaribu, kisha mfundishe na mwenzio wa nyumbani, maana ng'ombe hangoji urudi kutoka sokoni:

Utajuaje mguu wa mbele?
Kwa nini twamsukuma ndama ndani kwanza?
Ni wakati gani wa kuacha?