Njia za Ubongo Zinazotawala Homoni za Dhiki

Dhiki, kwa maana inayotumika katika elimu ya viumbe, ni jambo lolote linalovuruga, au kutishia kuvuruga, uwiano wa hali ya ndani ya mwili: jeraha linalovuja damu, homa, njaa, au hofu ya mtihani. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Kanada, alieleza kwamba panya waliopatwa na taabu za namna mbalimbali walionyesha mabadiliko yaleyale, mojawapo likiwa kukua kwa tezi za adrenali. Swali lililozuka ni hili: habari za jeraha na habari za hofu hufikaje kwenye tezi ileile?

Ngazi tatu za amri

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja ikikaa juu ya figo. Kiini cha tezi hutoa adrenalini katika muda wa sekunde chache, kwa amri ya neva. Ganda lake hutoa kortisoli, homoni inayoongeza sukari katika damu na kupunguza makali ya kinga ya mwili. Ganda hilo hupokea amri yake hasa kwa njia ya damu. Kwa hiyo kortisoli hufika kilele baada ya dakika 20 hadi 30 hivi.

Amri hiyo hupita ngazi tatu. Kwanza, kundi la seli za neva katika hipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni chochezi iitwayo CRH. Pili, CRH huifikia tezi ya pituitari, nayo humwaga homoni ya ACTH katika damu. Tatu, ACTH husafiri mpaka kwenye ganda la adrenali na kuliamuru litoe kortisoli.

Kwamba hipothalamasi huitawala pituitari kwa kemikali zipitazo katika vijishipa vya damu, ni jambo lililothibitishwa hasa na Geoffrey Harris wa Uingereza. Mwaka 1952 yeye na Dora Jacobsohn waliwaondoa panya jike pituitari zao, kisha wakawapandikizia nyingine. Tezi zilizowekwa chini ya hipothalamasi zilirudia kazi yake ya kuongoza uzazi. Zilizowekwa mahali pengine chini ya ubongo hazikufanya hivyo. CRH yenyewe ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake huko California, kutokana na ubongo wa kondoo. Ina asidi za amino 41.

Njia ya mkato na njia ya mzunguko

Habari za dhiki huifikia hipothalamasi kwa njia za namna mbili. Damu inapopungua au shinikizo lake linaposhuka, neva za shina la ubongo hupeleka habari moja kwa moja. Hapa hapahitajiki kufikiri. Uhai wenyewe umo hatarini.

Hofu hupita njia ya mzunguko. Amigdala, inayohusika na woga, na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, kwa kawaida hazizungumzi na seli za CRH moja kwa moja. Hupitia seli za kati, ambazo nyingi kazi yake ni kuzuia. Hipokampasi huzichochea seli hizo. Kizuizi huzidi, na kortisoli hupungua. Amigdala huzinyamazisha, kizuizi huondoka, na kortisoli huongezeka. Mlinzi wa lango akizuiwa kufanya kazi, lango hubaki wazi: kuzuia kizuizi ni kuruhusu.

Boya katika tangi

Tangi la maji lina boya. Maji yakipanda, boya huinuka na kufunga mfereji. Kortisoli nayo, ikizidi katika damu, huizuia hipothalamasi na pituitari, na utoaji wake wenyewe hupungua. Huu ndio mrejesho hasi. Tofauti ni kwamba kipimo cha mwili hubadilika kwa saa: kwa mtu alalaye usiku, kortisoli huwa juu karibu na alfajiri na chini karibu na usiku wa manane.

Elimu hii huokoa maisha. Mgonjwa anayetumia prednisoloni kwa majuma mengi huwa na dawa inayofanana na kortisoli katika damu. Ubongo huhesabu kwamba tangi limejaa. CRH na ACTH hupungua, na ganda la adrenali husinyaa. Akiiacha dawa ghafula, tezi haiwezi kuitikia. Shinikizo la damu laweza kushuka, akatapika, akazirai, hata akafa. Ndiyo sababu daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Hatari hiyohiyo yaweza kumpata anayejipaka kwa muda mrefu krimu za kujichubua zenye steroidi kali kama klobetasoli, kwa kuwa hupenya ngozi na kuingia katika damu.

Maswali

1. Kwa nini kortisoli huchelewa kuliko adrenalini?
2. Kifua kikuu huweza kuliharibu ganda la adrenali. Je, kiasi cha ACTH katika damu ya mgonjwa huyo kitapanda au kitashuka? Toa sababu.
3. Chora mchoro wa ngazi tatu za amri, ukionyesha kwa mishale mahali kortisoli inapozuia.