Vitumbua vya Geto: Somo la Mchele, Hamira na Subira

Wadau, bumu likikaribia kuisha, kitu cha kwanza kukatwa ni chai ya asubuhi. Mtu anaingia kipindi cha saa moja na tumbo tupu, ikifika saa nne anasinzia. Leo nawafundisha kupika vitumbua geto kwa mchele nusu kilo tu. Ninafuata mtindo wa kwetu Tunduma, ambako baridi ya Juni na Julai humlazimisha mpishi kujua mambo ambayo mwenzake wa Pwani hayamsumbui.

Tuanze na mchele. Sisi wa Songwe tunajivunia wa Kamsamba, wilayani Momba. Majirani zetu wa Mbeya wana wa Kyela. Wowote unafaa. Wajapani nao wana kitafunwa chao cha mchele, mochi. Huchukua mchele wa kunata, huupika kwa mvuke, kisha huutwanga kwenye kinu mpaka uwe donge laini linalovutika. Ukiutwanga hivyo wali wetu, hupati mochi. Sababu ni wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wa mochi karibu hauna amilosi kabisa, ndiyo maana unanata. Wa kwetu unayo ya kutosha, ndiyo maana wali wake huchambuka. Basi kulainisha kitumbua tunaiachia hamira.

Hapo pana kazi. Unga wa ngano una gluteni, inayovutika na kushika hewa ya hamira. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo hewa hutoroka na kitumbua kinakuwa kigumu. Dawa wanayo mama zetu siku nyingi: mchele unasagwa pamoja na wali kidogo. Wanga wa wali umeshavimba kwa maji na moto, kwa hiyo rojo inakuwa nzito na mapovu yanakwama ndani. Ukimuuliza mama atakwambia tu "vinakuwa laini". Ni kemia ileile.

Mahitaji: mchele nusu kilo, wali vijiko vitatu vya kulia, tui zito la nazi kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, na mafuta. Nazi haioti Tunduma, inaletwa; ikiwa ghali, maziwa yanafaa, ila utamu wake ni mwingine.

Osha mchele, uloweke usiku kucha, kisha mwaga maji yote. Ukiwa Dar au sehemu nyingine ya joto, loweka kwenye friji kama ipo, usije ukachacha. Saga kwa blenda pamoja na wali na tui mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usihisi chenga. Tia sukari, iliki na hamira, koroga, funika. Kwenye joto, saa moja inaweza kutosha. Kwenye baridi ya kwetu inaweza kufika saa mbili au zaidi, kwa hiyo weka bakuli ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Usiangalie saa, angalia mapovu: rojo ikiumuka na kujaa mapovu juu, iko tayari.

Pasha kikaango cha vitumbua kwa moto wa wastani, tia mafuta kidogo kila shimo, kisha mimina rojo bila kujaza hadi ukingoni. Pembeni pakianza kuwa na rangi ya kahawia, geuza kwa kijiti. Pika kwanza kimoja cha kujaribia. Kikiungua nje na ndani kibichi, punguza moto. Kikishika chini, kikaango hakijapata moto au mafuta hayatoshi.

Unaotaka kuuza, nunueni daftari kabla ya kikaango. Andika bei ya mchele, nazi, sukari, hamira, mafuta na gesi, jumlisha, gawa kwa idadi ya vitumbua vilivyotoka. Hapo umejua kitumbua kimoja kimekugharimu shilingi ngapi, na bado hujalipa muda wako. Wengi wanapanga bei kwa kumtazama jirani, wanauza mwezi mzima, halafu mtaji unayeyuka bila wao kujua ulipotelea wapi. Anza na nusu kilo. Vikibaki, ndiyo chai yako ya asubuhi.