Kurekebisha taya: kwa nini vyuma vya meno hutangulia upasuaji

Wako wakazi wa Kibera na Kawangware ambao mataya yao hayalingani. Kwa mmoja, taya la chini limechomoza mbele ya la juu. Kwa mwingine, limerudi nyuma hadi kidevu karibu kisionekane. Wengine meno yao ya mbele hayakutani hata wanapouma kwa nguvu, na wengine uso umepinda upande mmoja, pengine tangu ajali ya bodaboda ambapo mfupa uliovunjika uliunga vibaya.

Mara nyingi watu hawa huambiwa kwamba hilo ni jambo la urembo tu. Sivyo. Mtu ambaye mataya yake hayalingani anaweza kushindwa kukata mkate kwa meno ya mbele au kutafuna nyama. Anaweza kutamka baadhi ya maneno kwa shida, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, au kupata maumivu karibu na masikio. Magego machache yanayokutana hubeba kazi yote na kulika mapema.

Tiba ipo, lakini si ya siku moja. Kwa kawaida huchukua kati ya miaka miwili na mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo hupita kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji. Somo hili linaeleza kinachofanyika katika muda huo, na kwa nini anayeanza hana budi kujipanga kumaliza.

Meno ni mlango, taya ni msingi

Vyuma vya meno, ambavyo wengi huviita bresi, husogeza meno ndani ya mfupa. Haviwezi kurefusha wala kufupisha taya la mtu mzima. Fundi anaweza kunyoosha mlango uliopinda, lakini ikiwa msingi wa nyumba umeinama, mlango huo hautafunga sawasawa. Kwa hiyo, pale ambapo tofauti ya mataya ni kubwa, daktari wa kunyoosha meno hufanya kazi pamoja na daktari mpasuaji wa kinywa na mataya.

Upasuaji husubiri mwili uache kukua. Kwa wasichana wengi hiyo ni miaka 16 au 17 hivi, na kwa wavulana ni kati ya 18 na 21. Taya likipasuliwa mapema, linaweza kuendelea kukua na kuharibu kazi yote. Hata hivyo, mzazi asimweke mtoto nyumbani hadi afike umri huo. Mtoto akikaguliwa akiwa na miaka 7 hivi, daktari anaweza kuona tatizo mapema. Watoto wengine husaidiwa na vifaa vya kuongoza taya wakati bado linakua, na baadhi yao hawatahitaji upasuaji baadaye.

Hali huonekana mbaya zaidi kabla ya kuwa nzuri

Hili ndilo jambo ambalo kila mgonjwa na familia yake wanapaswa kulielewa kabla ya waya wa kwanza kufungwa.

Taya linapokosa mahali pake, meno hujaribu kulificha kosa hilo. Taya la chini likichomoza, meno ya chini hulala kuelekea ulimi, na ya juu huinama kuelekea mdomo, ili angalau yakaribiane. Kazi ya vyuma kabla ya upasuaji ni kusimamisha kila jino wima juu ya taya lake. Meno yakisimama, maficho huondoka. Pengo kati ya meno ya juu na ya chini huongezeka, kidevu huonekana kimechomoza zaidi, na kutafuna huwa kugumu kuliko mwanzo.

Hilo si ishara kwamba daktari amekosea. Pengo hilo ndilo linalomwonyesha mpasuaji taya lisogezwe milimita ngapi. Kipindi hiki huchukua kati ya miezi 12 na 18, wakati mwingine zaidi. Ndipo baadhi ya wagonjwa hukata tamaa, hasa wanapochekwa na majirani au nauli inapokwisha. Lakini anayeng'oa vyuma katikati ya safari anaweza kubaki na hali mbaya kuliko aliyoanza nayo. Ndiyo maana uamuzi wa kufanyiwa upasuaji hufanywa kabla ya vyuma kuwekwa.

Kabla ya waya wa kwanza

Madaktari wawili, wa kunyoosha meno na mpasuaji, wanapaswa kukubaliana kuhusu mpango mmoja. Mgonjwa hupigwa picha za uso na eksirei, na meno yake huchukuliwa vipimo. Meno yaliyotoboka huzibwa na fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza. Ikiwa magego ya mwisho ya chini yako mahali ambapo mfupa utakatwa, mara nyingi hung'olewa takriban miezi sita kabla ya upasuaji ili mfupa upate kujaa.

Mgonjwa amweleze daktari kila ugonjwa alio nao na kila dawa anayotumia, zikiwemo za kisukari, pumu, selimundu na za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Mjamzito pia aseme. Anayevuta sigara anahitaji kuacha, kwa sababu moshi huchelewesha kupona kwa mfupa na kidonda. Wenye meno ya kahawia kutokana na maji ya visima virefu yenye floridi nyingi bado wanaweza kuwekwa vyuma, ila daktari ajue, kwa kuwa gundi hushika kwa shida zaidi kwenye meno hayo.

Kuishi na vyuma

Meno yenye vyuma hushika chakula. Yapigwe mswaki kila baada ya mlo, kwa maji safi na dawa ya meno yenye floridi. Panapokosekana maji ya kutosha, kikombe kimoja kinatosha: nusu ya kusugulia, nusu ya kusukutulia. Karanga, mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa, miraa na muguka huvunja au kung'oa vyuma. Matunda magumu yakatwe vipande vidogo. Soda na peremende zipunguzwe, kwani huacha alama nyeupe za kuoza kuzunguka chuma.

Miadi huwa kila baada ya wiki nne hadi nane. Miadi ikikosekana, waya haukazwi na miezi huongezeka. Kwa mfanyakazi wa kibarua ni vyema kumwarifu mnyapara tarehe mapema, na kutenga nauli ya miadi kama inavyotengwa kodi ya nyumba. Chuma kikichomoka au waya ukichoma shavu, asikate wala kuvuta mwenyewe. Arudi kliniki.

Siku ya upasuaji na baada yake

Upasuaji wa kwanza wa kurekebisha taya unaojulikana ulifanywa mwaka 1849 na Simon Hullihen huko Wheeling, Marekani. Katika miaka ya 1950, Hugo Obwegeser wa Zurich aliendeleza njia ya kufanyia kazi hiyo ndani ya kinywa. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi leo hawabaki na kovu usoni.

Mgonjwa hulazwa usingizi kwa nusukaputi. Mfupa hukatwa kwa mpango, husogezwa, kisha hushikiliwa kwa vibati vidogo na skrubu za titani. Vyuma vya meno hubaki mdomoni, kwa kuwa ndivyo vinavyofungwa raba za kuongoza taya lipone mahali sahihi. Wengi hukaa hospitalini siku chache.

Uso huvimba, zaidi katika siku za kwanza. Midomo na kidevu vinaweza kufa ganzi. Kwa wengi ganzi hupungua katika wiki na miezi inayofuata, lakini kwa baadhi sehemu ya ganzi hubaki daima. Hatari nyingine ni kutokwa damu, maambukizi, au taya kurudi nyuma kidogo. Mgonjwa anapaswa kuelezwa haya yote kabla ya kutia sahihi.

Kwa takriban wiki sita, chakula ni laini: uji, supu, maziwa, mukimo uliolainishwa, ndengu zilizopondwa, parachichi. Kazi za mjengo, kubeba mizigo na mpira wa miguu hungoja hadi daktari aruhusu. Familia ijiandae kwa wiki hizo bila kipato cha mgonjwa. Baadaye vyuma huendelea kwa miezi 6 hadi 12 kumalizia kazi, kisha mgonjwa huvaa kishikizo ili meno yasirudi.

Pa kuanzia

Mkazi wa Laini Saba, Makina au Gatina haanzi kwa mpasuaji. Huanza katika kituo cha afya kilicho karibu, au kwa daktari wa meno katika Hospitali ya Mbagathi, na kuomba barua ya rufaa. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina wapasuaji wa kinywa na mataya. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo kilichoanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, iko barabara ya Argwings Kodhek.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na usajili hufanywa kwa kupiga *147#. Kabla ya kuanza, mgonjwa aulize kwa maandishi ni nini kitalipwa na ni nini atagharamia mwenyewe, upande wa vyuma na upande wa upasuaji.

Mwisho, vyuma visiwekwe saluni wala nyumbani kwa mtu. Waya unaovutwa na asiye na ujuzi unaweza kulegeza meno na kuua mizizi yake. Kila daktari wa meno anapaswa kuwa na leseni ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na mgonjwa ana haki ya kuiomba aione.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kukubali

1. Je, tatizo langu ni la meno, la mfupa, au yote mawili?
2. Nani atanipasua, na je, ameshauona mpango wa vyuma?
3. Hali yangu itaonekanaje kabla tu ya upasuaji, na kwa muda gani?
4. Nikishindwa kuendelea katikati, nitabaki na hali gani?
5. Gharama yote ni kiasi gani, kuanzia waya wa kwanza hadi kishikizo cha mwisho?

Majibu yaandikwe kwenye daftari na kusomwa pamoja na familia. Swali la nne likikosa jibu linaloeleweka, ni heri kusubiri kuliko kuanza.