Kabla ya Kuupima Ushuhuda, Uandike

Ushuhuda wowote, wa kwenye mkesha au wa kwa mganga wa dua, hubeba mambo matatu kwa pamoja: alichokihisi mtu, kilichobadilika mwilini au maishani mwake, na aliyekileta. Ukitaka kujua kama sayansi inaweza kuupima, yatenganishe kwanza. Mawili ya mwanzo yanapimika. La tatu halina mashine, na mtafiti anayejigamba kwamba amelithibitisha au amelikanusha, mtilie shaka.

Anza na mabadiliko yanayodaiwa. Yaandike kabla ya kutafuta jibu: nini kitatokea, kwa nani, baada ya muda gani. "Utafunguliwa" haipimiki, kwa sababu lolote litakalotokea linaweza kuitwa kufunguliwa. "Sukari itashuka ndani ya miezi mitatu bila kubadili dawa wala chakula" inapimika.

Kisha ulizia wasioshuhudia. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, waliosema wamepona walipata wa kuwasikiliza. Aliyerudi nyumbani akazidiwa hakupewa kipaza sauti. Usipowahesabu wote waliokunywa, huna kipimo, una hadithi tu.

Baada ya hapo tafuta watu wa kulinganisha nao. Hapa ndipo wengi hukosea, hata wataalamu. Mwaka 2006 jopo la watafiti la Herbert Benson huko Marekani lilitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Kundi la kwanza liliombewa, la pili halikuombewa, na wote hao waliambiwa tu kwamba huenda wataombewa. La tatu liliombewa na likahakikishiwa hivyo. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika lile lililojua linaombewa. Labda hao wa mwisho waliingiwa na hofu ("hali yangu ni mbaya kiasi hicho?"), labda ni bahati tu. Lakini soma vizuri: hakuna aliyewakataza mama, wake na majirani wa kundi la pili kupiga magoti. Kilichopimwa ni maombi ya ziada ya wageni, si maombi dhidi ya kutoombewa kabisa. Ndiyo maana mimi sikubaliani na anayesema utafiti ule umeifuta sala.

Upande wa hisia, hakikisha mpimwa na mpimaji wote hawajui nani kapewa nini. Mtafiti Michael Persinger wa Kanada alidai kwamba kofia yenye sumaku hafifu humfanya mtu ahisi kuna kiumbe karibu naye. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walirudia jaribio hilo kwa kuficha nani anapata sumaku na nani hapati, wakachapisha majibu mwaka 2005: sumaku haikuleta tofauti. Waliohisi makubwa walikuwa wale wepesi wa kuathiriwa na wanachokitarajia. Persinger alibisha.

Kunena kwa lugha nako kumepimwa. Mtafiti Andrew Newberg na wenzake waliwapiga picha za ubongo wanawake watano wakinena, wakalinganisha na picha zao wakiimba nyimbo za injili. Waliponena, damu ilipungua sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kujitawala. Inaoana na maneno yao kwamba si wao wanaoongoza ulimi. Nani anauongoza, picha haisemi.

Jambo moja usilijaribu kamwe: kuacha dawa ili kuipima imani. Anayetumia vizuri ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, anaweza kuambiwa kliniki kwamba virusi havionekani kwenye kipimo, akadhani maombi ya wiki iliyopita yamevimaliza. Vipo, vimezimwa na dawa, na akiiacha kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Aombewe, ameze dozi yake, aende kliniki tarehe yake, na amwambie daktari ukweli wote kuhusu kikombe, mafuta au maji aliyopewa.