MAFUNDISHO: JENGA MBELE YA NYUMBA YAKO

Somo: Nehemia 3:28-30, 6:15



Ukuta wa Yerusalema ulikuwa umebomoka, na milango yake imechomwa moto. Nehemia hakumpa mtu mmoja ukuta wote. Kila mtu alipewa sehemu yake, na wengine walijenga mbele ya nyumba zao tu. Kwa siku 52 kazi ikaisha.

Wengi wetu tulianza kusoma Biblia yote. Tulipofika Walawi tukachoka, maana sura 1189 zilitutisha. Tuhesabu basi: sura 3 kila siku, na sura 5 siku ya Mungu. Mwaka hautaisha kabla hujamaliza. Ukikosa siku moja, usiache; endelea pale uliposimama.

Swali: sehemu yako ya leo ni ipi? Anza jioni hii.