Kuzuia Baridi Darini: Somo kwa Wenye Nyumba za Mabati

Mji wa Karatina umeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na tangu Juni hata Agosti baridi yake ya usiku si ya mzaha. Zamani nyumba za huko ziliezekwa nyasi. Watu wengi hudhani ya kwamba zilikuwa na joto kwa sababu ya moto tu. Lakini nyasi zenyewe zilisaidia sana, kwa kuwa zilishika hewa iliyotulia, nayo hewa ya namna hiyo haipitishi joto upesi. Bati ladumu kuliko nyasi, ila ni jembamba mno, na joto hulipita kama maji katika chujio.

Hapo ndipo hatari huingia. Mwenye nyumba ashikwapo na baridi huleta jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akalala. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wengi usingizini. Heri kulizuia joto lililomo lisitoke.

Katika Marekani na Canada mafundi hupuliza darini, kwa mashine na mpira mrefu, karatasi kuukuu zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Karatina mashine haihitajiwi. Vinu vya mpunga vya Mwea, ambako si mbali sana kwa lori, hutoa kumvi nyingi, nazo haziozi upesi kama unga wa mbao.

Kwanza dari itazamwe. Chumba cha mita 3 kwa 4, kikitandazwa kumvi kavu kwa unene wa sentimita 15, chahitaji kama kilo 180, yaani uzito wa watu wazima watatu. Dari iliyopigiliwa kwa misumari midogo haitauchukua mzigo huo. Hapana budi fundi aongeze boriti. Kisha matundu ya bati yazibwe, na nyufa za dari vilevile, maana mvuke wa pumzi na wa mapishi ukipenya juu hukutana na bati baridi, ukageuka maji na kuzilowesha kumvi. Kwa sababu hiyo hiyo kumvi zisiguse bati. Iachwe nafasi ya hewa kupita toka upande mmoja wa paa hata wa pili, na penye matundu ya hewa pawekwe wavu wa chuma, kwani panya hupapenda mahali pa joto kuliko hata mwenye nyumba.

Kumvi zianikwe juani kabla ya kupandishwa, na mwenye kuzitandaza afunge kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Zisishindiliwe, maana hewa ikitoka faida hutoka nayo. Bomba la moshi na taa za umeme zitengwe nazo kwa ubao au bati, na nyaya zikaguliwe kwanza na fundi wa umeme. Kumvi hazitoi mwali upesi, lakini zikishika moto huweza kufuka muda mrefu bila kuonekana.

Jiko nalo libaki nje hata kazi ikiisha, kwa kuwa chumba kilichozibwa vema huishika sumu kama kilishikavyo joto. Na mvua kubwa ya kwanza ikipita, mtu apande darini atazame. Kumvi zilizolowa ziondolewe siku ile ile na kuwekwa nyingine kavu.