Kodiani Iliyokosa Pumzi: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani

Mwomboko ni ngoma ya Wakikuyu iliyopendwa sana katika miaka ya 1940, na vyombo vyake vikuu ni viwili: karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo, na kodiani. Pete yaweza kufuliwa na mhunzi ye yote. Kodiani ni kazi ya ng'ambo. Cyrill Demian aliiandikisha kwa jina hilo huko Vienna mwaka 1829. Kwa hiyo ikiharibika mahali kama Ngoliba, mashariki ya mji wa Thika, mwenyewe huweza kuitupa darini, na arusi ikachezwa bila kinanda. Hasara hiyo yaweza kuepukwa.

Kwanza jaribu pumzi. Fungua ukanda, inua chombo, mivukuto ining'inie, wala usibonyeze kifungo. Ikifunguka upesi, hewa inavuja. Penye tundu katika mikunjo, bandika kitambaa chembamba kwa gundi upande wa ndani. Kizibo kilicholika chini ya kifungo hukatwa upya katika sufu ya kofia kuukuu, kikavikwa ngozi laini.

Ndani mna vibamba vya madini. Viandike nambari kwa penseli kabla ya kuvitoa. Kila kibamba kina myanya miwili na ndimi mbili za chuma: mmoja hulia ukivuta, wa pili ukisukuma. Mwanya wa ulimi usiolia huzibwa na kipande cha ngozi, ili pumzi isipotee. Ngozi ikijikunja, sauti huchelewa, na mpigaji huchoka bure.

Twaa ngozi nyembamba ya mwana-mbuzi iliyolainishwa. Kata kipande kinachozidi mwanya kidogo. Tia tone la gundi ncha moja tu, penye ribiti ya ulimi wake; ncha ya pili iwe huru. Kipande kilale sawasawa, kisiguse ulimi wa jirani.

Jihadhari na tupa. Kukwangua ncha ya ulimi hupandisha sauti, na kukwangua karibu na ribiti huishusha. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Badili ngozi kwanza, kwani ulimi unaodhaniwa mgonjwa huenda ni mzima. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.